Muhogo wa Mama wa Ziwani

Juzi jirani yangu, nesi aliyehamia hapa Mbinga akitokea Bukoba, aliniletea bakuli la ndizi alizopika na maharage. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga mlango. Halafu, ndugu yangu, nikafunua na kunusa. Wala si kunusa kwa hamu. Nilinusa vile alivyonusa bibi yangu, kichwa upande, macho nusu, kama mgambo anayekagua mzigo wa mtu. Nikaona aibu peke yangu jikoni. Zile ndizi nilizimaliza, tena zilikuwa tamu, lakini siku nzima nikawa namuwaza mama wa ziwani.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika kijiji cha juu huku milimani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno hata sura yake siikumbuki. Ukinitajia utoto wangu mimi nakumbuka Juni: ukungu mpaka saa nne, mashine ya mkono ya kumenya kahawa inalia kwa kila nyumba, maganda yake yanachacha kando ya njia, na chungu cha maharage hakitoki motoni. Baba alikuwa akiteremka Liuli, kule ziwani, na magunia ya maharage, akipanda na dagaa. Mwaka mmoja akapanda na dagaa na mke.

Lo, ungemwona bibi siku hiyo! Alimpokea vizuri, akamwekea kigoda, akamuuliza habari za kwao mpaka za kuku. Yule mama akapiga magoti, "Shikamoo mama," na bibi akaitikia marahaba kwa sauti nzuri kabisa. Alipoingia ndani tu, bibi akanivuta sikio: "Wewe utakuwa macho yangu. Anachopika, anachoweka, anakokwenda, unaniambia." Nikakubali. Nilijiona mkubwa, nimepewa kazi.

Basi tukaanza kumchunga. Jumapili ya kwanza bibi alikaa nyuma yake kanisani kwetu, Katoliki, makusudi, akingoja kumwona mtu wa Anglikana akichanganyikiwa. Yule mama akapiga ishara ya msalaba, akapiga goti, akaitikia kila mahali sawasawa, kwa sababu kwao Liuli nao wanasali hivyohivyo. Ungedhani bibi atafurahi. Wapi! Njia nzima alikuwa anaguna. "Amejifunzia wapi haya? Nani alimtuma ajifunze?"

Shambani ikawa hivyohivyo. Wewe unayejua ngolo, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko, unajua kazi yake: wanaume wanalaza nyasi kwa mistari inayokatizana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuzifukia. Siku ya kwanza yule mama aliteleza, akakaa chini puu, akacheka mwenyewe mpaka machozi. Bibi akapumua, akatabasamu. Wiki ya pili mashimo ya mama yakawa yamenyooka kuliko ya binti za hapo kijijini, na bibi akanuna. "Anajua haraka mno huyu." Akikosea, huyo ni mgeni. Akipatia, ana lake jambo. Sasa mtoto wa watu angefanya nini?

Na mimi nilishaanza kumpenda, nikaogopa kumpenda. Alinisuka bila kunivuta nywele. Aliniita mwanangu, na kila akiniita nilijiuliza anataka nini kwangu.

Kitu kimoja kilimshinda: kuizoea njaa ya ugali wa kwao. Sisi kule juu muhogo tuliujua wa kuchemsha, unakula na chai, basi. Yeye alipata mihogo kwa mama mmoja wa bondeni, akaimenya, akailoweka kwenye chungu kijitoni, chini ya miti ya kahawa, akafunika kwa majani na jiwe. Hakuificha kwa ubaya. Alijua ule muhogo ukilainika unanuka, na hakutaka kumkera bibi na harufu. Baada ya siku kadhaa aliutoa, akauanika juu ya mwamba, akautwanga. Siku bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya, akasonga ugali wake, mweupe, unavutika, una uchachu kidogo, na dagaa wa kukaanga. Tukala wawili pale jikoni. Jamani, nililamba vidole! Hakuniambia nisiseme. Mimi mwenyewe ndiye niliyenyamaza, maana bibi angeniuliza kwa nini nimekula.

Mwezi uliofuata bibi akaumwa tumbo, siku tatu hainuki. Na siku hizohizo jirani aliyekuwa akikata majani ya mbuzi akakiona chungu kijitoni. Kumbe mama alikuwa ameloweka tena. Jirani akafunua: vitu vyeupe, povu, harufu kali. Akapiga yowe kwamba ni uchawi. Kabla ya adhuhuri uwanja wetu ulishajaa, chungu kimewekwa katikati kwenye jua, na hakuna mtu anayekisogelea.

"Ni muhogo, mama," alisema mke wa baba, amepiga magoti mbele ya bibi. "Ni chakula."

"Chakula gani kinafichwa mtoni?" bibi akauliza.

Baba alikuwa anatazama miguu yake. Yule mama akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na shahidi wake.

"Mwulizeni mtoto. Tumekula wote, wala hakuumwa."

Watu wote wakanigeukia. Bibi akanikazia macho, na sikio langu likaanza kuwaka kabla hajalishika.

"Sijala," nikasema. "Sijui hicho ni nini."

 Yule mama alinyanyuka, akajikung'uta vumbi magotini, akaingia ndani kufunga mkeka wake. Baba alimpeleka Liuli, akatuambia ni kwa muda tu, akarudi peke yake. Tangu hapo hakuteremka tena ziwani; maharage yetu akawa anauza Kitai, barabarani. Bibi alipona, akaishi miaka mingi, na kila alipoumwa tumbo alimtaja yule mama.

Siku hizi mashine za hapa mjini zinasaga muhogo na mahindi, watu wanaoana wa juu na wa chini, na ukimuuliza kijana kuhusu mambo hayo anakushangaa. Bibi hayupo, baba hayupo. Walioujaza uwanja ule siku ile wamebaki wachache, na hawapendi kukumbushwa.

Baada ya zile ndizi za nesi sikutulia. Nikapanda basi, nikateremka ziwani. Nilimkuta Liuli, mzee sasa, anageuza dagaa kwenye chanja. Nilimwamkia, akaniangalia sana, akasema nina kipaji cha uso cha baba yangu. "Karibu, mwanangu." Akanishika mkono, akanikalisha. Pembeni ya mlango ulikuwa umeanikwa muhogo, mweupe kabisa, ungeutosha ukoo mzima.

Akachukua bakuli akatoka. Alirudi na unga wa mahindi, aliouomba kwa jirani.

"Nyie wa milimani hiki chetu hamkili," akasema, anacheka taratibu, na kuanza kusonga.

Kwa nini alifanya vile? Ulikuwa ukarimu, au alikuwa ananirudishia? Ona nilivyo: mtu ananipikia, na mimi namchunguza usoni natafuta ana lake jambo. Sikuona kitu. Nilikuwa nimesafiri kwenda kumwambia maneno mawili tu, kwamba nilikula.  Nikakata tonge la mahindi, nikachovya, nikala mpaka sahani ikaisha, nikamwambia asante mama, nikaondoka sijasema.