Kusahau kwa Mwalimu Wilbrod

Mwalimu mstaafu Wilbrod wa Mbwawa, Kibaha, alikuwa na ugonjwa wa ajabu: alisahau jambo moja tu. Wote walioshika mkia enzi anafundisha Masaki, kule Kisarawe, aliwakumbuka kwa majina, na hadi leo huwataja mbele ya wajukuu wao. Lakini mpaka wa shamba la mikorosho la Yasinta, mjane wa Eliya, huko huko Masaki, ulikuwa umemtoka kabisa kichwani.

Yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki. Siku Eliya anapanda minyaa ya mpaka, Wilbrod alisimama pale pale, na pilau ya mashahidi akala. Sasa minyaa imeng'olewa, na jirani anayedai nusu ya shamba ni Daniel, mpwa wa mwalimu mwenyewe. Mwaka mzima baraza la kata limemwita, na mwaka mzima amejishika kichwa: "Uzee, ndugu zangu. Kumbukumbu zimeniishia." Mtu mzima hovyo!

Watafiti wa ubongo walipokuja Kibaha kutafuta wazee wa kupima kumbukumbu kwa mashine, alijiandikisha mbiombio. Hofu yake ilikuwa moja.

"Binti yangu, hiyo mashine itaona ninachokikumbuka?"

"Hapana, baba," Daktari Imakulata akamjibu. "Mashine hii ya MRI inatuonyesha damu inakimbilia sehemu gani ya ubongo unapokumbuka. Unakumbuka nini, hiyo ni siri yako."

Mzee akachekelea moyoni. Angejifanya mbumbumbu, daktari athibitishe, kesi iishe.

Wakamvua saa, mkanda na rozari, wakamlaza ndani ya bomba linalogonga kama mafundi wa bati. Sura za watu zikapita kwenye kioo pamoja na majina yao. Kisha sura tupu, naye abonyeze kitufe cha jina sahihi. La kwanza akakosa makusudi. Roho ikamuuma! Mwalimu mzima akose, na nje ameketi Mwinshehe, mwanafunzi wake wa zamani, anayesifiwa kwa kupata karibu yote? Ujanja wote ukamruka. Akabonyeza la pili, la tatu, hadi mwisho, yote sawa.

Jumapili akapakiwa na Daniel kwenye pikipiki hadi Masaki, maana sifa bila wanafunzi wa zamani hazinogi. Misa ilipokwisha akajitangaza uwanjani mwa kanisa.

"Nimewashinda wote! Daktari anasema kumbukumbu zangu ni za kijana."

"Shikamoo, mwalimu," akasema Yasinta.

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera. Basi minyaa ilipita wapi?"

Mwenyekiti wa baraza alikuwa hapo hapo. Kusema amesahau ni kuurudisha ushindi, na huyu si mzee wa kurudisha ushindi. Akajikohoza, akaeleza yote, toka mkorosho wenye pango hadi kisimani, akataja hata shati alilovaa Eliya. Daniel akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Alipomaliza, kwa mazoea ya darasani, akauliza, "Kuna swali?"

"Lipo," Yasinta akasema. "Mwaka mzima nimelia mbele yako, wanangu wamezuiwa kuokota korosho za baba yao. Ulikuwa unatukumbuka?"

Watu wote wakamgeukia mwalimu, wakasubiri jibu.