Kitelugu cha Kwenye Ungo wa Mchele

Enzi zetu pale Songo, mtaa wetu wa Uvira, mtoto aliyetaka kujua lugha ya watu hakupewa simu, alipewa mchele achambue. Watoto wa leo wakisikia hivyo wanacheka. Lakini ninyi wa rika langu, mliokula mchele wa bonde la Ruzizi, mnayakumbuka mawe yake. Ukitafuna bila kuangalia, jino linalia mpaka jirani anasikia.

Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, nilijifunzia hapo, kwenye ungo. Jirani yetu mmoja alikuwa mama wa Kihindi aliyeitwa Padma. Mumewe aliletwa Uvira kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, akawa anashinda huko bondeni, na mkewe anabaki peke yake. Hakujua Kiswahili, hakujua Kifaransa, hakujua Kifuliiru. Sisi watoto tulikuwa tunapanda ukuta kumtazama anavyofua. Siku moja akaniita kwa mkono niteremke, akanisogezea ungo, tukaanza kuchambua mchele pamoja.

Alichukua jiwe dogo, akasema, "Raayi." Akagonga bakuli lake la chuma: "Ginne." Akalitumbukiza jiwe humo: "Ginnelo." Akalitoa: "Ginne nunchi." Jamani, nilishika kichwa kwa furaha. Kumbe neno ni lile lile, na mkia wake ndio unaokuambia kama kitu kiko ndani au kinatoka, kama kinakwenda kwa mtu au kiko pamoja naye. Amma ni mama. Ammaki, kwa mama. Ammato, pamoja na mama. Nilirudi nyumbani mbio nikiyafungia mikia maneno yote niliyokutana nayo njiani. Songolo, nasi tuko Songo. Makobola nunchi, na shangazi ametoka Makobola. Hata mbuzi nilimpa mkia wa pili.

"Weye mutoto, uko naongea na nani?" mama aliniuliza. "Mapepo?"

Nilikuwa naenda kila nikitoka shule, nguo za shule bado mwilini. Jikoni kwa Mama Padma kulinukia mbegu ndogo nyeusi zinazorukaruka kwenye mafuta ya moto, na mimi nilikuwa narukaruka nazo. Mama yangu naye, kwa kuwa mwanawe anakula kwa watu, alianza kupeleka sahani. Alipeleka mukeke wa kuchoma, samaki ambaye kwetu anawekewa mgeni wa heshima. Na sahani ya mtu hairudi tupu, hiyo ni sheria ya Songo nzima. Mama Padma aliielewa bila kufundishwa. Alirudisha wali wa manjano, mama akaonja, akafumba macho. Basi vyombo vikawa vinapishana njiani, leo sahani yetu iko kwake, kesho bakuli lake liko kwetu.

Halafu siku moja mama alipita nyuma ya ua wa Mama Padma akitoka sokoni, akamkuta paka amekumbatia mukeke mzima, kichwa na mkia. Aliingia nyumbani bila salamu.

"Paka iko nakula samaki yangu," alisema. "Kumbe siku zote ule mama alikuwa ananicheka. Usirudie kule tena."

Ninyi mliolelewa kando ya ziwa mnajua uzito wa jambo hilo. Kumtupia paka samaki wa mtu ni kumtupia yeye mwenyewe. Mimi nililia. Nusu ya lugha nilikuwa nayo, na nusu nyingine ilikuwa imefungiwa kwenye nyumba ile. Mama Padma alikuja ukutani akaita jina langu, nami nikajificha nyuma ya jiko.

Kilichotuokoa ni bakuli. Ginne ya Mama Padma ilikuwa imebaki kwetu, juu ya kabati. Mama hakutaka kumpikia tena, na kuirudisha tupu pia hakuweza. Akawa anaitazama kama mdai aliyekuja kuketi sebuleni. Mwishowe desturi ikamshinda. Akachoma mukeke kwa hasira, akauweka humo, akaniambia, "Peleka. Uweke chini, urudi."

Sikurudi. Nilisimama mlangoni kwa Mama Padma, nikakusanya mikia yangu yote. "Amma nunchi," nikasema. Kutoka kwa mama. "Padmaki." Kwa Padma. Kisha nikauliza lile lililonichoma: "Chepa pilliki?" Samaki kwa paka?

Aliziba mdomo kwa kiganja. Akaonyesha samaki, akaonyesha kinywa chake, akatikisa kichwa. "Chepalu tinanu." Sili samaki. Mama yake hakula, nyanya yake hakula, tangu azaliwe hajaonja. Akanishika mkono, akasema, "Ammaki," tukaenda kwa mama.

Nilitafsiri nikiwa katikati yao jikoni, maneno yakipungua najazia kwa mikono.

"Muntu hakulaka samaki?" mama aliuliza. "Hata ndagala, tule tusamaki tudogo?"

"Hata ndagala."

"Sasa kwa nini alikuwa anapokea?"

Mama Padma alichukua ile ginne, akaigusisha kwenye macho yake, akarudia maneno yale yale, "Amma nunchi, amma nunchi." Nikamweleza mama kwamba kwao chakula kilichotoka mkononi mwa mama hakikataliwi. Mama aliitazama ginne. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

"Ee maskini," alisema. "Basi ule paka tulimulisha vizuri."

Kuanzia hapo, kila akipika sombe, yale majani ya muhogo, alichota ya Mama Padma kwanza, ndipo akatia ndagala. Majirani waliuliza nani anaumwa kwetu, maana sombe bila ndagala nani aliwahi kuisikia?

Mashine zilipomalizika, mume na mke waliondoka asubuhi kwa lori, haraka haraka. Zamu hiyo bakuli lake lilikuwa kwetu, na hakuna aliyelikumbuka.

Leo binti yangu anaongea na simu, nayo inamjibu kwa Kitelugu sanifu. "Mama, weye ulisumbukaka bure," ananiambia. Nilimwomba aitamkishe neno ammaki mara nyingi, nikafurahi kama mjinga. Lakini simu haichambui mchele, na haijui kupokea sahani. Nawaonea huruma kidogo watoto hawa wanaojua kila lugha na hawajui jirani anakula nini.

Jumapili iliyopita mama yangu alikuwa anapika sombe. Macho yake sasa ni hafifu, lakini kabla ya kutia ndagala mkono wake ulikwenda wenyewe kabatini. Akaijaza ginne, akaifunika. Binti yangu akauliza ni ya nani.

"Ya Padma," mama alijibu bila kugeuka. "Akikuja kuichukua, asiikute tupu."