Dawa ya Meno Ukutani

Asubuhi ile ya mwisho waligombania dawa ya meno. Haukuwa ugomvi wa kuvunja nyumba. Ulikuwa ule wa wazee waliozoeana, wa kuchangamsha damu kabla ya chai.

Mzee aliikamua dawa kuanzia mkiani. Hakikutoka kitu.

"Hivi hii dawa mnaila?" aliuliza. "Tumenunua juzi tu. Na meno yenyewe tumebaki nayo ya kuokoteza."

Mkewe alikuwa anakunja kitambaa chake cheupe, kile laini. "Ukirudi jioni pitia dukani," alisema. "Ulete nyeupe. Usiniletee ile ya mistari mistari."

"Nyeupe ina nini?"

"Ina uweupe, Mzee wa Visigino. Haya nenda, wateja wako wanatembea peku."

Mzee alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alikwenda huku anacheka peke yake. Mchana jirani yao mshonaji alimjia mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alinyoosha kidole upande wa nyumbani. Mzee akakurupuka na kiatu cha mteja mkononi, kimoja. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshakwenda. Moyo, waliambiwa. Mzee hakuelewa. Moyo upi? Huo huo uliokuwa unamtania asubuhi?

Baada ya mazishi alipitia dukani akanunua dawa ya meno, nyeupe. Akaiweka rafuni. Alisimama akaiangalia muda mrefu, hajui amemnunulia nani.

Mkewe alikuwa mtu wa kuta. Ujana wake wote, hadi nywele zikageuka, alikuwa msafishaji katika shule ya watoto wadogo. Wenzake waligombania sakafu, maana sakafu unaipiga deki umesimama, na mchezo umekwisha. Yeye alichagua kuta. Alisema sakafu haina habari, kila mtu anaikanyaga tu, lakini ukuta unakueleza nani kalia leo na nani kapata rafiki. Mzee alikuwa akisikia hayo kwa sikio moja. Ukuta kwake ulikuwa ukuta, unasimama, unabeba bati.

Kazi ilipomwisha, bibi akabaki na mjukuu mmoja wa kumlea, mtoto wa binti yao. Binti alikuwa karani wa bohari. Kila siku alikuwa anamleta mtoto baada ya mzee kuondoka, na kumchukua kabla mzee hajarudi. Kwa hiyo mzee alimjua mjukuu wake kama mtu anavyomjua mgeni wa sikukuu: anamwona amependeza, amejificha nyuma ya gauni la mama yake. Alimwita Chiriku kwa sababu aliambiwa anaongea sana. Yeye mwenyewe hakuwahi kusikia neno lake lililonyooka.

Msiba ulipopoa, binti alikuja na habari kwamba atampeleka mtoto kituoni, kunakolelewa watoto wa watu walio kazini.

"Niachie mimi," mzee alisema. "Kibanda kitasubiri."

"Wewe, Baba? Utaweza?"

"Kwani ana kucha za chui?"

"Baba, mtoto si kiatu. Humpigilii msumari akatulia." Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Haya, tujaribu wiki hii. Lakini nikimkuta analia kila siku, nampeleka kituoni. Usije ukaninunia."

Mzee alikubali. Hakusema kwamba nyumba ilikuwa imekuwa bubu, hata sufuria ikianguka anaikimbilia kama mgeni kabisha hodi. Hakusema kwamba mtoto akienda kituoni, yeye hatakuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Alisema tu, "Mlete."

Siku ya kwanza Chiriku aliingia, akapita kila chumba, akachungulia nyuma ya kila mlango. Halafu akatoa kopo la kalamu za rangi chini ya kochi, zile za nta. Mzee hakujua hata kama kopo hilo lipo. Kufumba na kufumbua, ukuta wa sebuleni ukawa na miduara, miduara mikubwa na midogo, myekundu na ya buluu, na mistari inashuka kama mvua.

"We, we, we! Ukuta huo!"

Mtoto akageuka, akamtazama babu usoni, kisha akatazama mlango wa jikoni. "Futa!" akasema.

"Nifute? Umechafua wewe, nifute mimi?"

"Futa njoo!"

Huyu mtoto maneno yake yamekaa kichwa chini miguu juu, mzee akawaza. Lakini amri ni amri. Akajikaza kisabuni, akaenda kutafuta cha kufutia. Fundi viatu akitaka kuondoa doa anachukua brashi, ndivyo mikono yake inavyojua. Akachukua brashi yake ya kazini, akaichovya majini, akasugua. Brashi ile ilikuwa imeshapita kwenye viatu vyeusi vya mji mzima. Buluu ikatoka kidogo, nyekundu ikagoma, na katikati ya ukuta likatokea wingu jeusi la polishi. Akaongeza maji. Maji yakachuruzika hadi sakafuni, kila tone limechora njia yake. Akaongeza nguvu, rangi ya ukuta ikaanza kumenyuka.

Chiriku alilia. "Futa! Futa!"

"Nafanya nini hapa, si nafuta?"

Kilio kikamleta jirani mshonaji. Alisimama mlangoni akaangalia ukuta, akaangalia brashi, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Shemeji, unafuta au unapaka?"

"Usinicheke. Hebu niambie, huyu mtoto siku zote anachora hivi?"

"Kila siku ya Mungu. Kwani ulikuwa hujui?"

"Ningejuaje? Nilikuwa nakuta ukuta mweupe."

"Si mkeo alikuwa anafuta." Mshonaji akaingia, akatafuta kile kitambaa laini, akakilowesha, akakikamua mpaka kikabaki na unyevu tu. "Leta dawa ya meno. Nyeupe, maana ya mistari inaacha rangi. Unapaka kidogo juu ya mchoro, unazungusha polepole kwa kidole, kisha unapangusa. Husugui. Yeye alikuwa anasema, hii rangi ya ukuta inaitwa ya maji lakini haiyataki maji."

Mzee alikaa chini. Dawa ya meno! Miaka yote hiyo amekuwa anamsimanga mtu wa watu mswaki mkononi, kumbe dawa inaishia ukutani. Kwa nini hakumwambia? Neno moja tu. Alitaka kumuuliza, akainua kabisa kichwa kuelekea jikoni, kisha akakumbuka.

Siku iliyofuata alijiandaa. Chiriku alipochora, mzee alikuwa tayari, dawa kidoleni, kitambaa begani.

"Futa!"

"Nakuja, bosi."

Alipaka, akazungusha, akapangusa. Ajabu, nta iliachia. Duara jekundu lilififia likabaki waridi, kisha likatoweka. Alihisi raha ambayo hakuitegemea, kama kiatu kikuukuu kinapopata mng'aro. Akageuka amuonyeshe mtoto.

Mtoto alikuwa analia kwa kwikwi, machozi na kamasi pamoja.

"Sasa nini tena? Ukuta si huo, safi!"

Chiriku akachukua kalamu, akachora upya pale pale. Akatazama mlango wa jikoni. "Futa njoo!" Mzee akafuta. Mtoto akachora. Mzee akafuta. Kadiri alivyofuta vizuri, ndivyo mtoto alivyolia vibaya. Akajaribu kutofuta, akauacha mchoro. Mtoto akachora mwingine, mkubwa zaidi, kwa nguvu hadi kalamu ikavunjika. Mzee kichwa kikamzunguka. Nikifuta analia, nisipofuta analia. Labda hanitaki. Labda ananusa kiatu. Akanawa mikono, akarudi, akafuta tena. Wapi!

Jioni binti alisikia kilio tangu barabarani. Aliingia bila kubisha. Akamkuta baba yake amepiga magoti mbele ya ukuta, dawa ya meno hadi kwenye nyusi, na mtoto amekauka sauti.

"Baba."

"Najua," mzee alisema. "Mpeleke tu. Sina ninachoelewa. Kutwa nzima anapiga kelele nifute, nafuta, halafu analia kwa sababu nimefuta."

"Anasemaje hasa?"

"Futa. Futa njoo. Hata kusema vizuri hajui, angesema njoo ufute."

Binti aliweka mkoba wake chini taratibu. "Baba, kwani wewe hujui?"

"Sijui nini? Kila mtu siku hizi ananiuliza kwani sijui."

"Futa ni Mama."

Mzee alimtazama binti yake kama aliyeongea lugha ya watu wengine.

"Akishachora, Mama alikuwa anatoka jikoni na kitambaa chake, anaimba, futa futa futa. Mtoto akajua ndilo jina lake. Hata kwangu akiamka asubuhi ananiuliza, Futa wapi? Nilidhani Mama alikusimulia."

 Mzee aliangalia kitambaa mkononi mwake. Kumbe mtoto hakuwa anamwagiza kazi. Alikuwa anamwita mtu, na kila alipoita alitokea mzee mwenye dawa ya meno, anauondoa mchoro, na Futa haji. Kutwa nzima, haji. Mzee mwenyewe ndivyo alivyokuwa tangu mazishi, sema yeye hakuwa na kalamu.

"Na mimi?" aliuliza baadaye. "Mimi ananiitaje?"

Binti akafikiri. "Wewe bado hajakuita, Baba."

Chiriku alikuwa ameshuka chini, anaokota vipande vya kalamu. Binti akainama, akampokonya kimoja baada ya kingine, akavitia koponi, akafunga kopo, akalisukuma ndani ya mkoba. Mzee aliona, akajua mambo yamekwisha, kesho ni kituoni.  Alinyoosha mkono amsaidie mtoto kuvaa viatu. Kamba za kimoja zilikuwa zimekatika ncha, akazisokota kwa mate na vidole mpaka zikapenya. Mtoto aliacha kwikwi, akaangalia vile vidole.

"Baa," akasema. Pengine alikuwa anaanza Babu. Pengine ilikuwa kwikwi tu.

Mzee hakuthubutu kuuliza. Binti alisimama mlangoni, mkoba begani. Kisha akarudi ndani, akalitoa lile kopo, akaliweka chini ya kochi mahali pake.

"Nitamleta asubuhi," alisema. "Unajua, hata mwanzo nilitaka kuziondoa hizi kalamu. Nilimwambia Mama, unajichosha bure, tumnyang'anye tu. Alinikatalia."

"Alisemaje?" mzee aliuliza. "Usiongeze wala usipunguze. Alisemaje?"

Binti akamwambia neno lile kama lilivyotoka kinywani mwa mama yake:

"Mwache achore. Asipochora, ataniitia nini?"