Chokaa Juu ya Jina

Otilia wa Kitura alikuwa na kaburi moja la kujivunia. Liko pembeni mwa shamba lake la kahawa, na kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alilipaka chokaa jiwe lake lote. Kabla yake aliyelipaka ni mama yake, ambaye hakujua kusoma. Babu Joakim, aliyelifyeka shamba lile, ndiye aliyelala pale. Hivyo ndivyo alivyoambiwa.

Mwaka jana jirani yake, Valence, akadai shamba lilifyekwa na babu yake yeye. Wazee wa baraza la ardhi wakataka ushahidi. Otilia hakuwa na karatasi. Akasema waje wasome jina kaburini.

Mimi nilikuwa nimepita kwake, kama ninavyopita kwa watu wengi, nikipewa ugali na pa kulala. Akaniambia, "Baba Ildefonsi, nikwangulie ile chokaa, herufi zionekane kabla hawajaja."

Nikakwangua kwa kisu. Chokaa ilikuwa nene, miaka juu ya miaka. Mimi ni wa darasa la nne tu, lakini nilisoma mara tatu: AUGUSTINO. LUNDO. 1938.

Otilia alikaa chini. Hakulia. Aliuliza tu kama naweza kuipaka tena. Nikamjibu kupaka naweza, ila nikiulizwa barazani nitasema nilichosoma. Nilijiona mbaya, maana tumboni mwangu mlikuwa na ugali wake.

Zilibaki siku nne kabla ya baraza. Nikateremka ziwani hadi Lundo, nikiulizia ukoo uliofiwa na Augustino huko milimani. Wakanipeleka kwa bibi mmoja, Benadetha, nikamkuta anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile. Akasema Augustino alikuwa kaka wa mama yake. Alipanda milimani na mzigo wa samaki, homa ikamkamata, hakurudi. Jiwe lile ndugu zake walilipandisha kutoka Lundo, begani, kwa kupokezana.

Siku ya baraza bibi alikuja mwenyewe hadi kaburini. Valence alipoliona jina alicheka, akamwuliza Otilia tangu lini babu yake alikuwa mvuvi wa Lundo. Bibi Benadetha akamtazama.

"Mjukuu wangu, mama alitutajia mtu aliyemzika mjomba. Ni Joakim, mwenye shamba. Joakim alisema mgeni wake hazikwi njiani."

Wazee wakaangaliana. Nani atagawa mahali pa kaburi kwenye shamba la mwenzake? Valence akaomba apewe muda. Hawakumpa.

Basi shamba likabaki kwa Otilia. Jioni nilimkuta amesimama, akiitazama kahawa mstari kwa mstari.

"Huyu nimemwombea kwa jina la mtu mwingine miaka arobaini," akasema. "Na babu yangu yuko wapi, Baba Ildefonsi? Nani amemwombea?"



Novemba hii amelipaka kaburi la Augustino, herufi akaziacha wazi. Chokaa iliyobaki hakuimwaga. Iko ndani kwenye ndoo, ameifunika. Anasema ni ya Joakim.