Bi Amri na Neno la Siri la Jikoni

Kazini kwao walimwita Bi Amri, si kwa sababu alipenda kuamrisha watu, bali kwa sababu hakushika kipanya cha kompyuta. Wenzake walibofya vijipicha vya rangi. Yeye alifungua dirisha jeusi, akaandika amri mstari mmoja, akabonyeza, akaendelea na chai yake. Aliingia kampuni ile miaka ishirini na sita iliyopita akiwa mpiga chapa. Barua zilipoisha, alibaki na vidole vyepesi na udadisi, akajifunza kutunza mitambo huku vijana wenye shahada wakija, wakimwita "mama", wakimuuliza kila kitu, kisha wakipandishwa vyeo.

Kampuni ilitengeneza programu ya kuita wagonjwa kwenye vituo vya afya: namba inatokea kwenye skrini, sauti inataja chumba, mgonjwa anaingia. Programu hiyo ilifungashwa kwenye kontena, yaani kifurushi chenye kila kinachohitajika ili iwake popote. Vifurushi vilikaa kwenye ghala la mtandaoni, na kundi la kompyuta za kampuni, waliloliita klasta, lilivivuta kutoka huko kila lilipotaka kuviwasha.

Ghala lilikuwa wazi kwa dunia nzima, na kwa miaka minne hilo halikumnyima mtu usingizi. Ila siku moja mkurugenzi alisoma makala kuhusu usalama, yote, mpaka aya ya tatu. Jumatatu mchana akaagiza ghala lifungwe, asiingie mtu bila jina na neno la siri. Likafungwa. Wakapongezana kwa barua pepe kumi na nne. Hakuna aliyekumbuka kwamba klasta nayo ilikuwa inaingia humo, na kwamba yenyewe haisomi barua pepe.

Jumanne asubuhi umeme ulikatika dakika mbili. Kompyuta zilizima, zikawaka, zikaenda ghalani kuchukua vifurushi, zikakuta mlango umefungwa. Zikajaribu tena. Zikasubiri kidogo, zikajaribu tena, kwa unyenyekevu ambao ungewafaa watu wengi wa jengo lile.

Simu ya Bi Amri ikalia. Alikuwa mama yake mzazi, aliyekwenda kituo cha afya kuonyesha goti.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo. Umeshaonana na daktari?"

"Marahaba. Nionane naye wapi? Hiyo skrini yenu imekuwa nyeusi. Muuguzi anaita watu kwa mdomo, na sauti imeshamkauka. Mimi ni namba thelathini na nane. Si ulisema hiki kitu mnakitunza nyinyi?"

"Tunakitunza, mama."

"Mnakitunzaje?"

 Bi Amri akaomba radhi, akakata simu, akafungua dirisha lake jeusi. Mstari mmoja ulitosha kumwonyesha tatizo: kifurushi kimeshindwa kuvutwa, hakuna ruhusa. Akainuka kwenda kusema, akakuta kikao cha dharura kimeshaanza.

Mkurugenzi alikuwa amemwita mshauri wa nje, mwanamume mtanashati aliyekuja na slaidi hamsini na mbili. Ya kwanza iliandikwa "Safari Yetu ya Usalama", na chini yake picha ya mlima.

"Hili ni jambo la kimkakati," alisema mshauri. "Nipeni wiki tatu."

"Kuna wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi," alisema Bi Amri kutoka mlangoni. "Klasta haina neno la siri la ghala. Tuihifadhie, ivute vifurushi, basi. Ni amri moja."

Mshauri akatabasamu kama mtu anayesikia mtoto akisema atakuwa rubani. "Mama, mambo haya siku hizi ni mazito kidogo."

"Tumwache mshauri amalize, Bi Amri," alisema mkurugenzi. "Tuko slaidi ya sita."

Bi Amri alimwacha amalize. Yeye akaenda jikoni, pale ofisini wanapochemshia chai. Juu ya sinki, kando ya tangazo la kuwaomba watu waoshe vikombe vyao, palibandikwa karatasi yenye jina la msimamizi wa ghala na neno lake la siri, kwa wino mwekundu, ili asisahau mtu. Mfagizi alilijua. Mleta maji alilijua. Fundi wa kiyoyozi alilipiga picha, akisema pengine litamfaa.

Akaibandua karatasi. Kwa jina lile akaingia ghalani, akafungua akaunti mpya ya klasta peke yake, yenye ruhusa ya kuchukua tu, si kuweka wala kufuta. Kisha akabadilisha neno la msimamizi, na lile la ukutani likabaki kumbukumbu ya zama za ujinga.

Ghala likaipa akaunti hiyo neno refu lenye kila takataka ya kibodi. Akaandika amri: tengeneza siri (ndivyo klasta inavyoita kisanduku cha kuhifadhia neno), aina ya ghala la kontena, anwani ni hii, jina ni hili, neno ni hili, iweke kwenye chumba cha programu ya foleni. Maana klasta imegawanywa vyumba, na siri ya chumba kimoja haionekani chumba kingine. Kwenye faili la programu akaongeza mstari wa kuielekeza mahali siri ilipo. Akabonyeza.

Klasta ikakataliwa.

Akasoma alichoandika, kisha akajipiga paji la uso. Ndani ya lile neno mlikuwa na alama ya dola, naye alilifunga kwa nukuu mbilimbili. Dirisha jeusi likiona dola humo, hudhani limeitiwa jina la kitu kingine. Lisipokipata, linameza herufi na kunyamaza. Siri iliyohifadhiwa ilikuwa nusu neno. Mbaya zaidi, neno lenyewe sasa lilikuwa limebaki wazi kwenye orodha ya amri alizoandika, na yeye ndiye aliyetoka kuwacheka watu wa karatasi ya ukutani.

"Ndiyo, jisifu sasa," alijiambia.

Akafuta siri mbovu. Akaliomba ghala neno jingine, akaliweka kwenye faili lisilosomwa na mwingine, akaandika upya amri, safari hii ikilichukua neno humo humo. Akabonyeza. Sasa klasta ikasema siri haipo kabisa. Kwa haraka zake alisahau kutaja chumba, na klasta, isipoambiwa, huweka vitu chumba cha kawaida, sebuleni kwa wote.

 Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akanywa chai iliyopoa. Akaiondoa siri sebuleni, akaandika amri polepole, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akipiga barua za wakubwa. Chumba akakitaja mwanzoni.

Vifurushi vikavutwa. Programu zikawaka moja baada ya nyingine. Akafuta lile faili, ndipo akampigia mama yake.

"Imewaka," alisema mama. "Ila imeanza upya kutoka namba moja. Watu wanagombana hapa."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Muuguzi kaniita kwa mdomo, nimeshatoka. Daktari anasema nipunguze ngazi."

Kule kikaoni walikuwa slaidi ya thelathini na moja. Mkurugenzi alipoambiwa skrini zimewaka, akampa mkono mshauri. Mshauri akaupokea bila kujivuta.

"Na sasa neno limefungwa kwa ufunguo usiovunjika," alieleza. "Hakuna binadamu anayeweza kulisoma."

Bi Amri alitaka kunyamaza, akashindwa. Akaunganisha kompyuta yake kwenye skrini ya ukutani, akaionyesha siri ya majaribio aliyoiweka muda ule ule. Zikatokea herufi zisizoeleweka. Akaandika mstari wa pili, na neno likasomeka: *mlimawaslaidi*.

 Mshauri akapata simu ya ghafla.

"Halijafungwa, limevishwa nguo tu," alisema Bi Amri. "Anayeruhusiwa kuitazama siri anaweza kuivua. Cha kupunguza ni wanaoruhusiwa."

"Wako wangapi?" aliuliza mkurugenzi.

"Kumi na tisa. Wawili walishaacha kazi. Mmoja alifariki, Mungu amrehemu."

Jioni ile orodha ikabaki na watu watatu. Barua ya pongezi ilikuja wiki iliyofuata, ikimshukuru mshauri kwa uongozi na "timu nzima" kwa ushirikiano. Bi Amri aliisoma mara moja, akaitumia kufutia kioo.

Mkurugenzi naye aligundua kwamba hayumo kwenye orodha. Akaja mpaka mezani kwa Bi Amri, akasimama.

"Bi Amri, mimi ndiye mkuu hapa."

"Ndiyo, mkuu."

"Sasa mbona simo?"

"Unataka kuvuta kifurushi gani, mkuu?"

Akafikiri. Akasema atarudi. Amesharudi mara tatu, kila mara anaulizwa swali lile lile kwa heshima zote, na kila mara anakwenda kufikiri.