Mwiko wa Zohara

Kwa miaka thelathini Zohara amemsahihisha mumewe kutoka jikoni. Mwezi mzima kabla ya Purimu, sikukuu yetu Wayahudi ya kukumbuka jinsi Malkia Esta alivyotuokoa, Shabtai huketi sebuleni na gombo la Esta, anafanya mazoezi ya kulisoma kwa lahani, mahadhi ya wazee wetu wa Kikurdi, naye Zohara kampa mgongo, anakanda unga wa biskuti za tende. Shabtai akiteleza hata neno moja, mwiko unagongwa kwenye sufuria: ko! Anarudi nyuma, anasoma upya. Ukuta wa nyumba yao na yangu ni mmoja, kwa hiyo gombo hilo nalijua na mwiko wake.

Usidhani ni mpole. Pale sokoni Yerusalemu wauza samaki wakimwona wanaanza kupunguza bei kabla hajauliza. Lakini mwambie, "Shoga, wewe ungesoma vizuri kuliko Shabtai," uone atakavyokukwepa: "Niache na unga wangu! Mimi na kusoma wapi na wapi?" Babake alikuwa msomaji wa gombo. Aliwafundisha wanawe wa kiume wanne mezani, na Zohara alikuwa pale pale, anaosha vyombo. Kaka zake wote wameshasahau.

Mwaka mmoja, siku ya Purimu, Shabtai alisoma mara saba, sinagogini na kwa wagonjwa, na kila mlango alipewa divai, na juu ya divai nyimbo. Alasiri tulipomsindikiza kwa Bibi Nazira, ghorofa ya tatu, Zohara kabeba sahani ya zawadi, Shabtai alifungua mdomo asome, ikatoka pumzi tu.

Bibi Nazira ana miaka themanini na tisa na miguu haimtoi nje. Alikuwa ameketi tangu asubuhi na taji la karatasi kichwani, mfuniko wa sufuria mapajani kwa ajili ya kumpigia kelele Hamani, yule aliyetaka kutuangamiza, kila akitajwa.

"Soma, mwanangu, jua linatuaga, na likizama Purimu imekwisha."

Shabtai akaonyesha koo lake. Uso wa bibi ukanywea.

"Hata mwaka wa vita," akasema, "baba alitusomea chini ya ngazi, mabomu yanalia. Sijakosa hata mwaka mmoja."

Nilimkasirikia Shabtai na divai yake, nusura nimpige kwa ile sahani. Nikashuka mbio kutafuta msomaji mwingine. Lakini Purimu ni siku ya kulewa na kuvaa vinyago: wa kwanza alikuwa kavaa mavazi ya simba, kalala, mkia ndani ya supu. Wa pili alikuwa kakumbatia nguzo ya taa, anaiita shemeji. Nikarudi mikono mitupu, nahema.

"Zohara, soma wewe," nikasema.

"Mimi? Nitakosea!"

"Mwanamke kumsomea mwanamke mwenzake, nani atakataza?" bibi akadakia. "Kwani Esta alikuwa na ndevu? Haya, msichana. Jua halina adabu, halingojei mtu."

Msichana mwenyewe ana wajukuu sita. Alijifuta mikono kwenye gauni mara tatu, Shabtai akamwekea gombo mikononi. Alizisema baraka za kabla ya kusoma. Sura ya kwanza alisoma kama mtu anayekanyaga barafu. Kufika ya pili, sauti ikafunguka, na ilikuwa lahani ya babake, kila kona yake, imekaa miaka yote hiyo ikingoja. Hamani alipotajwa bibi aliupiga mfuniko mpaka taji likamdondoka. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Katika gombo lile jina la Mungu halimo hata mara moja. Walimu wetu wanasema yumo, ila amejificha, na furaha ya Purimu ni kumgundua. Siku zote nilidhani ni maneno ya kuwatulizia watoto. Siku ile niliyaamini.

Karibu na mwisho, Zohara aliteleza neno. Shabtai, aliyekuwa akifuatisha kwa kidole kwenye kitabu, akanyakua kijiko akagonga meza: ko! Zohara akainua macho, akacheka mpaka akashika ubavu, akarudi nyuma akalisoma sawa. Alimaliza jua likiwa bado dirishani.

Bibi Nazira akamvuta, akambusu mikono yote miwili. Kisha akamgeukia Shabtai.

"Mwanangu, koo lako likipona, Mungu akubariki. Ila mwakani mlete huyu. Wewe ukae jikoni kwangu na mwiko, umsikilize."

 Shabtai alikuwa ameshaingia jikoni kuutafuta mwiko.