Ile Saba Niliyoiacha Ubaoni

Asubuhi ile niliondoka Mtoni, kule Temeke, bila kujua naenda wapi. Shangazi yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alinigongea mlango kabla maji ya chai hayajachemka.

"Balozi kapita," alisema. "Anaandika wanaume wasio na kazi kwenye nyumba zake kumi. Mgambo watafuata na lori. Mie sitasema uongo mbele ya mtu, mwanangu. Wewe ondoka tu."

Lori lilikokuwa linakwenda kila mtu alikujua. Ukikamatwa huna kitambulisho cha kazi, unapelekwa mkoani kulima, na nguo ulizovaa siku hiyo ndizo nguo zako. Jembe halikunitisha, nimelishika tangu utotoni. Kilichoniuma ni kwamba alasiri hiyo kulikuwa na kipindi cha kalkulasi.

Sikuwa mwanafunzi wa chuo chochote. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza kuzunguka: Lindi, Morogoro, Tanga, kisha Dar. Algebra niliisoma peke yangu kwenye kitabu kilichochanika jalada. Halafu siku moja mvua ilinisukuma kwenye baraza ya chuo cha ufundi, nikasimama dirishani nikimsikiliza mwalimu akieleza namna ya kupima kasi ya kitu ambacho kasi yenyewe inabadilika kila wakati. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Mwalimu akageuka, akaniona. "Wewe uliyechelewa, ingia, unalowana." Niliingia, na tangu siku hiyo sikukosa kipindi. Wenzangu darasani walikuwa mafundi waliotumwa na viwanda vyao. Majina yalipoitwa, mimi nilinyamaza, na mwalimu hakuwahi kuuliza.

Basi siku ile ya msako nikazunguka mchana kutwa, Chang'ombe, Keko, nikikwepa barabara kubwa. Vijiwe vilikuwa vitupu. Kwenye benchi la muuza kahawa hakukuwa na mtu hata mmoja, na vikombe vilikuwa vimefunikwa kifudifudi. Mzee mwenyewe wa kahawa aliponiona alitikisa kichwa, kama kunifukuza. Kufika alasiri, mahali pekee mjini ambapo niliona nitafanana na watu wengine ni darasani.

Kipindi kilikuwa hakijafika mbali mlango ulipofunguliwa. Waliingia mgambo watatu, mbele yao kamanda wao, mtu mzima mwenye kaptula iliyopigwa pasi na fimbo kwapani.

"Samahani, mwalimu. Tunatafuta wazururaji."

"Hapa pana mafundi tu, ndugu."

"Wazururaji wa siku hizi wanavaa mashati mazuri. Vitambulisho juu!"

Mafundi wakatoa vyao. Kamanda alipita dawati kwa dawati, taratibu, mpaka kwangu.

"Cha kwako?"

"Nimekisahau nyumbani, ndugu kamanda."

"Leo mji mzima umesahau. Kuna jamaa huko Temeke kasahau mpaka jina la kiwanda chake." Mgambo wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama ubao, palipoandikwa x² + 5x + 7. "Hii nini?"

"Hesabu," alijibu mwalimu.

"Hesabu ina herufi? Sie tulikuwaga tunahesabu machungwa." Akaninyooshea fimbo. "Haya, mwanafunzi. Nenda kaifanye."

Kazi ilikuwa kutafuta kasi ya mabadiliko ya ile hesabu, jambo nililokwisha kulifanya mara nyingi, kwenye karatasi na hata mchangani kwa kidole. Chaki ilikuwa inateleza kwa jasho. Nikaandika 2x, nikaandika + 5. Halafu mkono ukaendelea wenyewe, ukaandika + 7. Nikarudi nyuma hatua moja, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Ile saba haikutakiwa kuwepo. Saba ni saba, haiongezeki wala haipungui, na kitu kisichobadilika hakina kasi. Darasa zima liliona. Sikuthubutu kurudi kuifuta.

Mwalimu huyu alikuwa akiwasimamisha watu wazima, wenye watoto, kwa kusahau alama ya kutoa. Aliutazama ubao muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Kaa chini."

Kamanda akamgeukia fundi jirani yangu. "Sawa kweli?"

"Sawa, mzee," fundi akajibu, macho kwenye meza.

"Vizuri." Akanigeukia mimi. "Kesho nitapita ofisini kwenu niyaone majina yote. La kwako litakuwemo, siyo?"

"Litakuwemo," nikasema.

Mwalimu hakugusa ubao mpaka mlio wa lori ulipopotea. Kisha akaifuta ile saba peke yake, akabaki ametupa mgongo. "Kesho usije," alisema. "Na keshokutwa. Mpaka haya yapite." Nilitaka kumuuliza yatapita lini. Akaanza kuandika hesabu nyingine.

Yule fundi jirani yangu, mtu wa Newala, alinifuata nje. "Temeke usirudi," alinong'ona. "Ukonga kuna mama wa kwetu ana chumba. Mwambie nimekutuma mimi."

Nikapanda basi la kwenda Pugu. Niliposhuka Ukonga jua lilikuwa linazama nyuma ya ukuta wa gereza, na nyumba niliyoelekezwa ilikuwa karibu na ukuta huo kuliko nilivyopenda. Mama mwenyewe alikuwa uani akimenya mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilimweleza aliyenituma. Akanipima kwa macho, akafuta mikono kwenye khanga.

"Chumba kipo. Ila balozi wetu wa huku lazima ajue kabla hujalala." Akapaza sauti kuvuka ua wa makuti. "Balozi! Nimepata mgeni!"

"Ana kazi?" Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume.

Mama alinitazama tena. Nilikuwa bado na chaki kwenye mikono ya shati.

"Anasoma!"

"Anasoma nini?"

"Hesabu!" nikajibu mwenyewe.

Kule upande wa pili niliweza kusikia mtu anavuta kiti.

"Basi alale," sauti ikasema. "Asubuhi nimwone, na karatasi zake."

Mama akanionyesha kitanda cha kamba na mlango. Komeo lilikuwa limeng'oka. "Egemeza kiti," alisema. "Huku hakuna wezi, askari wamejaa." Nikaegemeza kiti mlangoni, nikakaa juu yake kungoja asubuhi, karatasi sina.